Siku Walipoupima Mkondo wa Moyo Wangu

Mwaka niliotimiza miaka hamsini na mmoja ndio nilioanza kufundisha nikiwa nimekaa. Wanaonifahamu pale kijijini kwetu Heru Juu, wilaya ya Kasulu, walishangaa. Mimi ni mwalimu wa Sayansi wa shule ya msingi, na miaka yote nilifundisha nikizunguka katikati ya madawati, chaki mkononi, nikimgusa bega mtoto anayesinzia na kuendelea na sentensi yangu bila kukata. Wanafunzi walizoea kugeuza shingo kunifuata.

Asubuhi moja ya baridi, nikiwa nachora figo ubaoni, kifua kikanibana. Hakikuchoma wala hakikudunga. Ilikuwa kama mtu amenikumbatia kwa nyuma kwa nguvu na amekataa kuniachia. Bega la kushoto likawa zito, taya likauma kama jino bovu. Nikaegemea ubao. Nikasema, "Endeleeni kuchora," nikatafuta kiti. Baada ya dakika kumi hali ile ikaisha, nikajiambia ni uchovu.

Haikuwa uchovu. Ilirudi nikipanda kutoka bondeni na ndoo, ilirudi nikibishana na mzazi, na mara nyingine ilirudi nimekaa tu nasahihisha madaftari. Mume wangu, ambaye hulima mihogo na maharage, akanipeleka zahanati. Nikapewa dawa za vidonda vya tumbo. Nilizimeza mwezi mzima, nikaacha pilipili, nikaacha chai ya rangi, nikaacha maharage ambayo ndiyo chakula chetu. Kifua kikaendelea kubana.

Nikaenda hospitali Kasulu mjini. Wakanipima presha, ikawa juu kidogo. Wakanilaza kitandani, wakanibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye mistari ya umeme wa moyo. Daktari aliisoma haraka.

"Moyo uko sawa, Mwalimu. Hivi nyumbani kuna amani?"

"Ipo."

"Siku zako bado unaziona?"

"Ziliisha mwaka jana."

"Basi ndiyo hayo. Ni umri na mawazo. Punguza mawazo."

Simlaumu. Mashine ilipima nikiwa nimelala, nimetulia, sina maumivu. Lakini nilitoka pale na neno moja lililonifuata mpaka ofisi ya walimu: mawazo. Mwenzangu anayefundisha Hisabati alikuwa anachukua vipindi vyangu siku nikishindwa, na siku moja nikiwa nyuma ya mlango nilimsikia akimwambia mwalimu mkuu, "Hospitali wamesema mzima. Sasa sisi tutambebea vipindi mpaka lini?" Nilirudi nyuma hatua tatu, nikakohoa, nikaingia kama mtu anayefika wakati huo.

Hilo lilinikera, lakini halikuniumiza kama la nyumbani. Jioni moja niliacha jembe katikati ya tuta, nikakaa chini. Mume wangu akasema polepole, bila ubaya, "Mama watoto, mashine imesema huna kitu. Labda na wewe ujikaze kidogo." Ni mwanamume mpole, hajawahi kuniinulia mkono wala sauti. Ndiyo maana maneno yale yaliniingia. Nilianza kujiuliza mwenyewe kama kweli naumwa. Nilifika mahali pa kuficha. Maumivu yakija nageuka dirishani, najifanya natazama nje, nahesabu mpaka yapite.

Likizo ya mwezi wa sita nilikwenda Kibondo kumsalimia mama yangu. Mama ni mchuuzi wa soko la pale, huuza maharage na unga wa muhogo, na umri haujamtoa kwenye meza yake. Alivuka mpaka kutoka Burundi mimi nikiwa mgongoni, mchanga wa miezi michache, akatembea siku nyingi pamoja na watu wengine waliokimbia. Leo sisi ni Watanzania, tuna vitambulisho, tuna shamba, lakini mama bado anahesabu kwa Kirundi, na akikasirika Kiswahili humkimbia kabisa.

Tulitoka sokoni pamoja kuelekea nyumbani kwake. Ni mwinuko mdogo, mtoto hawezi kuuona kama kilima. Nilisimama mara ya kwanza nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Mara ya pili nikasema nipokee simu. Mara ya tatu mama akatua kikapu chake barabarani.

"Viatu vyako havina kamba," akasema. "Na simu yako haijalia."

Nikatazama viatu vyangu.

"Unashika wapi?"

Nikamwonyesha katikati ya kifua, kiganja kizima.

"Ni umutima huo," akasema. Moyo.

"Mama, wamepima. Wamesema ni mawazo."

Akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya unga kwenye nguo zake. "Mimi nilitembea na watu wengi, mwanangu. Nilijifunza kumjua mtu aliyechoka na mtu anayeumwa. Aliyechoka akikaa anafunga macho. Anayeumwa akikaa anafungua macho. Wewe umefungua. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali, na mimi nakuja."

Kweli alikuja, amevaa kitenge chake cha ibada. Katika hospitali ya Kibondo tulimkuta daktari kijana, mwembamba, ambaye alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: aliweka kalamu chini. Aliniuliza maumivu yanaanza nikifanya nini, yanakaa muda gani, yanaenda wapi. Mama alikuwa ananisahihisha. "Mwambie na taya. Mwambie na asubuhi za baridi." Mwishoni daktari akaniambia, "Mama, hadithi hii si ya tumbo. Inawezekana ni mishipa inayolisha moyo wenyewe. Hapa sina kipimo chake. Nitakuandikia rufaa ya Dar es Salaam." Na kwa kuwa mimi ni mtumishi mwenye bima, njia ilifunguka ndani ya wiki chache. Najua wapo wengi ambao kwao ingebaki imefungwa.

Mume wangu alinisindikiza. Basi lilitembea mchana kutwa mpaka usiku. Alininunulia ndizi na maji kila kituo kama mtu anayelipa kosa bila kulitaja.

Hospitali ile ya Dar es Salaam ilikuwa kubwa kuliko Heru Juu yote ikikusanywa. Daktari wa moyo niliyepangiwa alikuwa mwanamke wa rika langu, mfupi, mwenye sauti nzito ya mtu aliyezoea kuamuru. Alinieleza kwamba wataingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, wataufikisha mpaka kwenye moyo, wataweka dawa inayoonekana kwenye picha, na tutaona kama mishipa mikubwa imeziba. Aliongeza kwamba akiona haja atapima zaidi ya hapo palepale, akanieleza namna gani, nami nikasaini vyote. Mambo mengine niliyaelewa, mengine yalinipita.

Chumba kilikuwa cha baridi. Nililazwa kwenye kitanda chembamba, macho wazi, maana ganzi ni ya mkono tu. Pembeni palikuwa na skrini kubwa. Nilifundisha mfumo wa damu kwa miaka mingi kwa kuchora kwa chaki nyekundu na ya bluu, na leo nikauona moyo wangu mwenyewe ukipiga mbele yangu, na mishipa yake ikijitokeza ghafla kama mizizi ya mti, kisha ikififia. Niliona uzuri wake kabla sijakumbuka kuogopa.

Daktari msaidizi, kijana mchangamfu, ndiye aliyesema kwanza. "Hongera, mama! Mishipa yako iko wazi kabisa, safi. Huna tatizo."

Machozi yakaanza kunitoka. Nilijitahidi kuyazuia lakini nilikuwa nimelala chali, yakaingia masikioni. Wauguzi walidhani ni furaha. Yule daktari mwanamke hakudhani hivyo. Akainama juu yangu.

"Unalia nini, Mwalimu? Unasikia maumivu?"

"Sasa hivi sisikii."

"Sasa?"

"Daktari, nikirudi nyumbani na karatasi nyingine iliyoandikwa mzima, nitakufa siku moja nikiitwa mwongo."

Nilisikia mashine ikilia taratibu kwa mapigo yangu. Kisha akaniuliza maswali yaleyale ya yule kijana wa Kibondo, pale pale kitandani, mrija ukiwa bado mkononi mwangu. Taya? Baridi? Nikiwa nimekaa pia? Nikajibu. Akainuka, akamgeukia msaidizi wake.

"Picha imetuonyesha mishipa mikubwa tu. Midogo haionekani kwenye picha. Lete ule waya, tupime msukumo na mkondo."

"Lakini mishipa iko wazi, daktari."

"Lete waya."

Alinieleza tena, safari hii polepole. Waya wenyewe ni mwembamba kama unywele mnene, na karibu na ncha yake una kihisio kinachosoma msukumo wa damu na joto lake. Wangeupitisha kwenye mshipa mkubwa wa moyo. Kama mshipa una kizuizi, msukumo baada ya kizuizi hushuka. Kisha wangesukuma maji ya dripu, ambayo ni ya baridi kuliko damu, na kuhesabu yanachukua muda gani kufika kwenye kihisio. Yakifika upesi, mkondo ni mkubwa; yakichelewa, mkondo ni mdogo. Wangepima nikiwa nimetulia, halafu wangenipa dawa inayofungua mishipa midogo yote kwa mara moja, na kupima tena. Moyo wenye afya hapo huongeza mkondo wake mara mbili na zaidi.

"Dawa hiyo itakubana kifua," akasema. "Itakuwa dakika chache tu. Uko tayari?"

"Nimekuja kwa basi kutoka Kasulu," nikamjibu. "Niko tayari."

Wakasukuma maji mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikusikia kitu. Msaidizi akasoma namba, muuguzi akaandika. Halafu dawa ikaanza kuingia. Uso ukapata joto, pumzi ikawa fupi, na mara ile mikono ikanikumbatia kwa nyuma. Bega. Taya. Vyote, kwa mpangilio wake, kama nilivyovijua.

"Ndiyo hii!" nikapiga kelele. "Hii hii! Ndiyo hii!"

Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuyafurahia maumivu namna ile. Yalikuwa yamekuja mbele ya mashahidi, mchana, taa zote zimewashwa. Lakini daktari aliweka mkono wake kwenye paji la uso wangu.

"Tulia, Mwalimu. Usishangilie bado. Dawa hii humbana hata mtu mwenye afya. Mimi siwezi kutegemea maumivu yako. Nasubiri namba."

Maji mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Niliitazama skrini, lakini ilikuwa mistari miwili ya msukumo, mwekundu wa mwanzo wa mshipa na wa kijani wa kwenye waya, ikipanda na kushuka karibu pamoja, na sikujua upi ni rafiki yangu na upi ni adui. Kama mistari inakwenda pamoja, maana yake hakuna kizuizi. Hilo nililielewa, na roho ikaniruka. Nikafunga macho nikaanza kusali kwa Kirundi cha mama, lugha ambayo sisali nayo hata kanisani.

"Zima dawa," nikamsikia akisema. Kifua kikaanza kuachia. Kisha akavuta hewa kwa pua, kama mimi ninavyofanya nikikuta jibu sahihi kwenye daftari la mtoto nisiyemtarajia.

"Mwalimu, fungua macho."

Nikafungua.

"Msukumo wako ni mzuri. Mshipa mkubwa hauna kizuizi, hapo picha ilisema kweli. Lakini mkondo ulipaswa kuongezeka mara mbili na zaidi. Wako haukufika hata mara moja na nusu. Na ukinzani kwenye mishipa midogo uko juu kupita kiasi. Mishipa yako midogo imekataa kufunguka. Ukipanda mlima, moyo unaomba damu na haupewi ya kutosha." Akanitazama machoni. "Unaumwa. Umekuwa ukiumwa siku zote. Hukuwa na mawazo, na hukuwa mwongo."

Nililia tena, na safari hii wauguzi walikuwa sahihi. Yule msaidizi aliyenipa hongera alikuja upande wangu akasema, "Mama, nisamehe, nilisherehekea mapema." Nikamwambia hata mimi nilisherehekea mapema. Tukacheka, na daktari akatukemea maana mkono wangu ulikuwa unatikisika.

Mume wangu aliitwa baadaye nikiwa wodini, mkono umefungwa bandeji. Daktari alimwonyesha karatasi ya matokeo, akamweleza mstari kwa mstari. Ni mtu wa shamba, lakini maji anayajua. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Kwa hiyo mfereji mkubwa umejaa, ila vijifereji vya kwenda kwenye matuta ndivyo vimekaza?"

"Hasa," daktari akasema. "Umeeleza vizuri kuliko wanafunzi wangu."

Daktari alipoondoka, mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, kofia magotini. "Siku ile shambani," akasema, "nilikuambia ujikaze."

"Uliniambia."

"Ulikuwa umejikaza kiasi gani?"

Nilimpa mkono ule usio na bandeji, akaushika mpaka saa ya kuona wagonjwa ilipokwisha.

Sikufungwa kifaa chochote moyoni, maana hapakuwa na cha kuzibuliwa. Nilipewa vidonge vya kila siku, na dawa ya kupuliza chini ya ulimi kifua kikibana, na amri ya kutembea. Nisidanganye kwamba nilipona siku hiyo. Kidonge kimoja kilinivimbisha miguu, kikabadilishwa. Kingine kilinipa kizunguzungu mpaka mwili ukakizoea. Yule daktari kijana wa Kibondo ndiye aliyenifuatilia, mara nyingi kwa simu. Kila tukiongea ananiuliza nimetembea umbali gani, nami namjibu kama mwanafunzi anayesahihishiwa zoezi. Mwezi wa kwanza, mpaka kanisani. Wa pili, mpaka barabara kubwa. Wa nne, nilishuka bondeni na kupanda bila kusimama. Mume wangu alikuwa nyuma yangu na ndoo mbili, akihema kuliko mimi, na tulipofika juu akasema, "Sasa ni mimi nitakayeomba rufaa."

Shuleni sikutangaza. Nilichukua vipindi vyangu vyote siku ya kwanza ya muhula. Mwenzangu wa Hisabati alinikuta ofisini naandaa somo, akasimama mbele ya meza yangu. "Mwalimu," akasema, "niliongea vibaya juu yako."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya mlango."

Akashika kichwa. Kisha akaniomba kitu ambacho sikukitarajia: nimweleze kile kipimo, maana dada yake aliyeolewa Nyakitonto analalamika kifua mwaka wa pili sasa na wote wanamwambia ni vidonda vya tumbo. Tulikaa mpaka kengele ikalia mara mbili. Wiki iliyofuata dada huyo alikwenda Kibondo kwa daktari wetu, na naye akasikilizwa, akaandikiwa rufaa ya Dar es Salaam. Wake ulikuwa mshipa mkubwa umeziba nusu. Waya wa aina ileile ulipitishwa ndani yake, ukaonyesha kwamba msukumo baada ya kizuizi umeshuka sana, akawekewa kifaa cha kupanua mshipa. Sasa analima.

Likizo iliyofuata nilipanda basi la asubuhi kwenda Kibondo, karatasi yangu ya matokeo ndani ya bahasha mkononi. Mama alikuwa kwenye meza yake sokoni. Alinitazama nikitoka stendi kwa miguu, nikipanda kuja sokoni, na hakunisalimia mpaka nilipofika, maana alikuwa anaangalia kama nitasimama.

"Hukusimama," akasema.

"Sikusimama."

"Leta hiyo karatasi."

Mama hajui kusoma. Aliishika, akaigeuza, akanirudishia. "Nisomee. Usiruke kitu."

Nikamsomea. Msukumo, mkondo, ukinzani, namba baada ya namba, zenye nukta na zisizo na nukta. Aliitikia kwa kichwa kila namba kama anazifahamu. Nilipomaliza akasema nisome tena, kwa sauti, ili na mwenzake anayeuza dagaa asikie, na yule mzee wa duka la vitambaa aliyekuwa anajifanya hasikilizi. Nikasoma tena. Nilipofika kwenye mkondo ulioshindwa kuongezeka, mama aliwageukia wote.

"Mnasikia? Mimi nilisema. Bila mashine, bila waya. Pale kwenye mwinuko, nilisema!"

Mama wa dagaa akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata, kwa namba ambazo hakuna hata mmoja wao aliyezielewa. Mzee wa vitambaa akatoka kabisa dukani, akaweka mkono kifuani, akasema, "Alhamdulillahi, Mwalimu." Mama alikuwa anacheka, meno yote machache nje, na mkono wake mmoja ulikuwa unapima maharage ya mteja aliyesahauliwa kwa muda wote huo. Alimjazia mpaka yakamwagika.